Baisikeli na Kazi ya Injili katika Milima ya Uluguru

Wapo wadhaniao ya kuwa kupeleka Habari Njema ni kazi ya mdomo tu. Sisi tufundishao watoto siku za shule, na kuhudumia vigango siku za mapumziko, twajua ya kuwa ni kazi ya miguu kwanza, ndipo iwe ya mdomo. Maana neno halina budi kufika kabla ya kusikiwa, na kati ya mji wa Morogoro na nyumba za Wakristo wetu pana milima, mito na matope. Mwezi huu twapenda kuwaandikia, ndugu wasomaji, habari za chombo kidogo ambacho wengi wetu twasafiria, yaani baisikeli: faida yake, taabu yake, na hatari moja iliyomo ndani yake isiyoonekana kwa macho.

Waliotutangulia hawakuwa nacho. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na mwaka 1877 wakaanzisha misioni ya Mhonda, pamoja na jamaa za Wakristo waliotoka Bagamoyo. Baadaye wakaja Morogoro, kisha wakapanda hata Matombo. Safari zile zilikuwa za miguu, mizigo ikichukuliwa vichwani. Reli ilipofika Morogoro mwaka 1907, mtu aliyetoka pwani aliweza kufika mjini akiwa ameketi. Lakini kutoka stesheni kwenda milimani alirudi kuitegemea miguu yake mwenyewe.

Baisikeli nayo ilikuwa ngeni wakati ule, hata huko Ulaya. Ile ya magurudumu mawili yaliyo karibu sawa, yenye kusukumwa kwa mnyororo, ilitengenezwa Uingereza na John Kemp Starley mwaka 1885. Mpira wa kujazwa upepo ulifuata mwaka 1888, kazi ya John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama aliyekaa Belfast, ambaye alitaka kumpunguzia mwanawe mtikisiko wa njia. Hivyo chombo kilichoanza kwa huruma ya baba kwa mtoto kikaja kuwafaa makatekista wa Afrika.

Tena iko habari nyingine ya huruma. Mwaka 1927 padre Mjerumani, Paul Schulte, alianzisha chama kiitwacho MIVA, kwa ajili ya kuwapatia wamisionari vyombo vya safari. Sababu yake ilikuwa msiba. Rafiki yake, Padre Otto Fuhrmann, aliugua na kufa katika nchi ambayo leo yaitwa Namibia, kwa kuwa hapakuwa na chombo cha kumfikisha upesi penye tiba. Chama hicho kikatafuta motokaa, mashua na ndege, wala hakikuona haya kutoa baisikeli. Twaikumbuka habari hii kila mtu asemapo ya kuwa vyombo ni mambo ya dunia, visiipase kazi ya Mungu. Mara nyingine kukosa gurudumu ni kumkosa mtu.

Basi natueleze njia zetu. Ukitoka Morogoro kwa upande wa mashariki wapita Bigwa, wapanda Kiroka, washuka Mkuyuni, hata Matombo. Na mwenye nguvu aweza kuendelea Mvuha, hata Kisaki ipitapo reli ya TAZARA. Kwa upande wa magharibi wapita Mzumbe na Mlali, kisha waanza kupanda kwenda Mgeta, na hapo mwenye baisikeli huwa mchukuzi wa baisikeli. Kilele cha Lupanga, kilicho juu ya mji, chapita mita 2,100. Na Kimhandu, mkubwa wa vilele vyote vya Uluguru, wapita mita 2,600. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hugonga mashariki kwanza, kwa hiyo huko mvua ni nyingi kuliko magharibi. Maji yale huingia mto Ruvu, nao huwapa kinywaji watu wa Dar es Salaam. Wao hushukuru, sisi tulioko juu twangoja kijito kipungue ili tuvuke.

Mtu asifunge safari kama hiyo kwa mikono mitupu. Sisi huchukua pampu, viraka, gundi, kipande cha msasa, spana, na kamba zilizokatwa katika mpira wa ndani uliochakaa. Daftari za mafundisho twazifunga katika nailoni, na kuziweka juu ya keria chini ya blanketi. Mtelemko ni wa kuogopwa kuliko mpando, maana mpando wachosha, bali mtelemko waua. Vipande vya breki huisha upesi, navyo vikilowa matope havishiki. Mwenye akili hushuka, akaishika baisikeli kwa mkono kama aongozaye punda, wala hajali vicheko vya vijana.

Sasa tutasimulia safari moja ya wakati wa masika, nayo itaeleza maneno yetu kuliko mafundisho. Jioni moja tulipigiwa simu, sauti ikikatika-katika, ya kwamba mzee mmoja mkatekumeni, akaaye juu ya Matombo, amezidiwa na ugonjwa naye aomba ubatizo. Padre alikuwa upande wa pili wa milima. Na Kanisa lafundisha ya kuwa penye hatari ya kufa mtu yeyote aweza kubatiza, akiwa na nia ya Kanisa. Basi alfajiri, kabla ya kupambazuka, sisi walimu wawili tulikuwa njiani.

Kabla ya kufika Mkuyuni mpira wa nyuma wa baisikeli moja ulipasuka, pasuko refu lisilokubali kiraka. Tulisimama njiani, mvua ikinyesha, tukihesabu saa. Akatokea kijana fundi wa baisikeli, Mwislamu, ambaye alikuwa bado kufungua kazi yake. Aliposikia twakwenda kwa mgonjwa, alivua mpira wa baisikeli yake mwenyewe, akaufunga kwenye yetu. Tulipotaka kumlipa akasema, “Mtanirudishia mkirudi. Mgonjwa hangoji duka lifunguliwe.” Maneno hayo tumeyaeleza darasani mara nyingi, wakati wa kufundisha habari ya yule Msamaria.

Tuliziacha baisikeli chini ya mlima nyumbani kwa mzee mmoja, tukapanda kwa miguu. Tulipoingia, mgonjwa alikuwa hai, akili zake timamu, pumzi yake fupi. Tukataka kuanza mara moja. Akainua mkono, akasema, “Walimu wangu, maji yangoje. Kaeni kwanza. Nimemwita mpwa wangu.”

Wasomaji wa Uluguru wataelewa mara moja. Kwetu ukoo hufuatwa kwa mama, na shamba la ukoo hutoka kwa mjomba likaenda kwa mpwa. Mzee huyu na mwana wa dada yake walikuwa wamegombana kwa ajili ya shamba la migomba miaka mingi, hata hawakusalimiana. Sasa hakutaka kuingia mlango wa Mungu akiwa ameufunga mlango wa ndugu yake. Tukakaa. Tulihesabu pumzi zake, tukiogopa, na kikombe cha maji kilikuwa tayari juu ya kigoda. Saa ya kwanza ikapita, na ya pili ikakaribia kwisha, ndipo mpwa akaingia, amelowa, akasimama mlangoni. Mzee akamwambia, “Mwanangu, shamba ni lako. Nisamehe.” Yule mtu mzima akapiga magoti akilia, akasema, “Nawe mjomba nisamehe, nilikutukana mbele ya watu.” Hapo ndipo tulipombatiza. Akafa usiku wa pili, na mpwa wake ndiye aliyetangulia kulichukua jeneza.

Tangu siku ile twajua faida ya baisikeli ni nini. Haikutupa neno la kusema. Ilitupa zile saa mbili za kukaa kimya. Kama tungalikwenda kwa miguu toka Morogoro, tungalifika jioni, na labda tungalimbatiza mtu asiyeweza tena kusema. Na ugomvi ule ungalirithiwa pamoja na migomba. Haraka ya njiani ilitununulia subira ya nyumbani.

Lakini tuliahidi kuitaja hatari. Baada ya maziko dada yake marehemu, mama wa yule mpwa, bibi mkongwe, alituandalia chakula. Tukamwamkia, “Shikamoo, bibi.” Akaitika, “Marahaba, wanangu,” akatutazama, kisha akasema, “Zamani katekista alikuja kwa miguu. Hakuwa na budi kuomba maji, na kuota moto, na kulala. Alijua majina ya mbuzi wetu. Wa siku hizi wapita kwa magurudumu kama upepo, waja na maji yao katika chupa. Ninyi mmekaa. Ndiyo sababu nimewapikia.”

Methali husema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Bibi huyu alituonyesha upande mwingine wa methali hiyo: mgeni asiyehitaji kitu hana mlango wa kuingilia. Aombaye maji humpa mwenyeji heshima ya kutoa, na baada ya kutoa mwenyeji husikiliza. Kwa hiyo twaona hata pancha yaweza kuwa baraka, kwani humfanya mwalimu awe mhitaji tena, akajifunza wema wa fundi asiye wa dini yake.

Ndugu zetu Waanglikana husimulia habari ya Festo Kivengere, ambaye alifundisha shule Dodoma, na mwaka 1972 akawa askofu wa Kigezi huko Uganda. Alipokuwa kijana alimwacha Mungu. Siku moja mwanzoni mwa miaka ya 1940 alikuwa akirudi kwa baisikeli kutoka kunywa pombe, akakutana na rafiki yake, mwalimu, naye yu juu ya baisikeli, aendesha kwa haraka. Rafiki huyo alisimama, akamweleza jinsi Yesu alivyomsamehe, akamwomba radhi kwa makosa waliyoyafanya pamoja. Maongezi yalikuwa ya dakika chache, nayo yakamgeuza Festo maisha yake yote. Tazameni: ujumbe ule ulikuja mbio, lakini mjumbe alisimama.

Mwaka huu lilizuka shauri katika halmashauri yetu. Wengine walisema baisikeli za walimu ziuzwe, tuchange tununue pikipiki, kwa sababu vijijini sasa pikipiki zimejaa, na mwalimu wa baisikeli huonekana maskini. Wengine walisema petroli itakula sadaka yote. Maneno yakawa makali. Mwishoni akina mama walitupatanisha, wakisema pikipiki inunuliwe kwa ajili ya kuchukua wagonjwa, maana mgonjwa hawezi kukaa juu ya keria. Na walimu wabaki na baisikeli zao kwa kutembelea watu. Tukaongeza sharti moja: aendaye kigangoni alale huko walau usiku mmoja, asirudi jioni ile ile. Tumekubali, na mchango umeanza.

Katika Matendo ya Mitume twasoma jinsi Filipo alivyokimbia akaifikia gari ya yule Mwethiopia, kisha akapanda akaketi naye. Alikimbia ili afike, akaketi ili afundishe. Yote mawili yalihitajiwa. Yule Msamaria naye alikuwa na mnyama wa kupanda, wala hakulaumiwa kwa kuwa naye. Alisifiwa kwa sababu alishuka, na aliyejeruhiwa akapandishwa mahali pake.

Basi, ndugu msomaji, uwe mwalimu, katekista, au mzazi umtumaye mwanao kupeleka habari kwa jirani, tunza chombo chako: tia mafuta mnyororo, kaza breki, jaza upepo. Ukifika, kiegemeze mtini, uingie, ukae.