Waliokimbilia Ombaci

Barabara ya lami inayotoka Arua kwenda Koboko hupita Ombaci mapema, kabla mji haujakwisha vizuri. Bodaboda ilinishusha penye miembe, nikaingia kwa miguu katika ua wa misheni ya Kikatoliki. Ilikuwa siku ya masomo. Katika madarasa ya St. Joseph's College, shule ya wavulana, vijana walikuwa wakimjibu mwalimu kwa pamoja, na jikoni posho ilikwisha kuinjikwa. Mimi nilikuwa nimekuja kuzuru kaburi.

Mzee aliyekubali kunitembeza alikuwa amevaa koti licha ya jua. Tulitembea polepole hadi kwenye mnara wa kumbukumbu, naye akaanza kusimulia kabla sijamuuliza neno.

Idi Amin, mtawala wa Uganda ambaye kwao ni Koboko, aliangushwa Aprili 1979. Oktoba 1980 askari wake wa zamani walirudi kwa silaha kutoka Sudan, na jeshi jipya la serikali, UNLA, likalipiza kisasi kwa raia wa eneo hili la West Nile wasiobeba hata panga. Maelfu kwa maelfu walivuka mpaka kuingia Sudan na Zaire, Kongo ya leo. Waliobaki karibu na Arua walikimbilia hapa misheni, ambako kulikuwa na mapadri na watu wa Msalaba Mwekundu. Tarehe 24 Juni 1981, sikukuu ya kuzaliwa kwa Yohane Mbatizaji, baada ya mapigano na waasi, askari wa UNLA waliingia ndani ya ua huu na kuwafyatulia risasi watu waliojihifadhi. Idadi ya waliouawa inayotajwa mara nyingi ni 97.

Nilimuuliza mzee kama waliokuwa wamejihifadhi walikuwa Wakatoliki. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu. Walikuwa watu, akasema. Arua ina Waislamu wengi, wakiwemo Wanubi, wazao wa askari wa Emin Pasha. Ina Waanglikana, ambao kanisa lao kuu liko Mvara. Na wengi wao, waliobatizwa na waliosilimu, wana babu zao wa Kilugbara ambao hawakungoja padri wala sheikh ili wamjue Mungu. Mlangoni hakuna aliyeulizwa anasali wapi.

Nimesoma vitabu vingi vinavyolinganisha dini. Huanza na itikadi: huyu anasema Mungu ni Utatu, yule anasema ni Mmoja asiyezaa wala kuzaliwa, mwingine anaongea na mizimu. Ni kazi ya lazima, wala siidharau. Lakini hapa Ombaci niliona kwamba swali linalofaa kuja kwanza ni hili: dini yako inakuamuru nini mtu anapokuja mlangoni pako akikimbia kifo?

Torati iliweka miji sita ya makimbilio, ambamo aliyeua bila kukusudia angenusurika mpaka ahukumiwe. Kurani, katika sura ya Tawba, inaamuru kwamba hata mshirikina akiomba hifadhi apewe, kisha afikishwe mahali pa salama. Wakristo wanajua kwamba Yesu akiwa mtoto alikuwa mkimbizi Misri. Waislamu wanajua kwamba wenzao wa mwanzo kabisa, mnamo mwaka 615, waliokolewa na Najashi, mfalme Mkristo wa Uhabeshi, aliyekataa kuwarudisha Makka. Na Walugbara wa zamani, mzee alinieleza, walimpokea mgeni aliyekuja kwa njaa au kwa hofu wakamfanya mtu wa boma, na kumdhuru kulikuwa kuwakosea wazee waliolala chini. Katika jambo hili wote ni kitu kimoja. Ndiyo maana wauaji wa 1981 sioni hata dini moja ambamo wangepata pa kujificha.

Wasichokubaliana kinaanzia kaburini. Mwislamu aliyeuawa alistahili kuoshwa au kuhesabiwa shahidi, kuswaliwa, kulazwa ubavu wa kulia akielekea Kibla, ambayo kutoka hapa iko kaskazini kuelekea mashariki. Mkatoliki alistahili Misa, na Misa huendelea kutolewa kwa ajili ya marehemu miaka mingi baadaye. Mlokole wa Mvara atakwambia maombi ya walio hai hayambadilishii marehemu hukumu. Mlugbara alistahili kuzikwa nyumbani, penye ngoma ya msiba, ili aungane na *ori*, wazee wa ukoo. Kaburi la pamoja haliwezi kumpa kila mmoja haki yake. Hilo lilikuwa dhuluma ya pili, na sipendi linapopitwa haraka kwa maneno matamu ya umoja.

Kisha nikauliza juu ya msamaha. Tulikuwa tumekaa kivulini, na jirani wa mzee, mwenye kofia ya kiislamu, alikuwa amejiunga nasi. Mzee ni Mkatoliki. Alisema ameamriwa kusamehe hata yule asiyemjua, naye amejaribu. Jirani akatikisa kichwa. Kwetu, alisema, haki ya damu ni ya warithi wa aliyeuawa: wadai kisasi mbele ya kadhi, wapokee diya, au wasamehe, na kusamehe ni bora zaidi. Lakini sharti kwanza ajulikane anayesamehewa. Mzee akakiri kwamba hata babu zake wangesema karibu hivyohivyo: wazee wa upande uliomwaga damu waje, mnyama achinjwe, wale pamoja. Hakuna aliyekuja kula.

Hawakumaliza ubishi wao, na sikuwaomba waumalize. Nadhani jirani alikuwa na hoja nzito zaidi. Msamaha usio na jina la mkosaji unamponya anayesamehe, lakini unamwacha marehemu bila mdai.

Alasiri niliendelea hadi Koboko, wilaya inayopakana na Kongo na Sudan Kusini. Huko kuna makazi ya Lobule, yanayowapokea Wakongo waliokimbia vita kwao, kama watu wa huku walivyokimbilia Kongo mwaka 1980. Mama mmoja mwenyeji, Mwislamu wa Kikakwa, aliniambia kwamba mama yake alimzaa mdogo wake ng'ambo, katika kibanda cha Wakristo. Kwa hiyo walipokuja wakimbizi, familia yake haikubishana sana.

Sasa inabishana. Miti imekatwa mbali kuliko zamani, na kwenye bomba foleni ya madumu ya njano inaanza alfajiri. Alisema hayo kwa uchungu, na hakuona haya kuyasema. Amri ya kumpokea mgeni imo katika kila kitabu. Ya nani akate kuni wapi, mwaka wa tano au wa kumi, inabidi wenyeji na wageni waitunge wenyewe, na kikao chao kilikuwa kimepangwa Jumamosi.