Machicha ya Chai na Kompyuta Yangu

Mimi ni mzaliwa wa Kericho, na karo yangu ililipwa kwa majani ya chai. Hivyo, nilipotakiwa chuoni kuandika programu ya kompyuta inayoiga mwendo wa chembe yabisi katika kimiminika kinachokorogwa, sikusita: nilichagua kikombe cha chai ya rangi.

Kwenye skrini, chembe zote zilitupwa ukingoni. Jambo hilo liliniingia akilini, kwani kinachozungushwa si hurushwa nje? Niliiwasilisha ripoti, nikaenda likizoni nikijigamba. Nyanya akanimiminia chai asiyoichuja, akaikoroga, akakiondoa kijiko. "Tazama, mjukuu wangu." Machicha yalizunguka, kisha yakatua katikati kabisa, mfano wa kichuguu kidogo.

Aibu iliyoje! Kosa lilikuwa katika mstari mmoja tu: nilikuwa nimekifanya kitako cha kikombe kiwe telezi, kisicho na msuguano. Kumbe msuguano ndio unaopunguza kasi ya maji ya chini. Yakiisha kupungua kasi, shinikizo kubwa la kandoni huyasukuma kuelekea katikati, nayo huyakokota machicha. Albert Einstein aliyaeleza hayo mwaka 1926, akitumia kikombe cha chai kufafanua kwa nini mto humomonyoa ukingo wa nje wa kona na kutuamisha mchanga upande wa ndani. (Nami tangu hapo siuvuki mto Itare bila kuchungulia.)

Usiku ule nilimwandikia mhadhiri kukiri kosa kabla hajasahihisha. Nyanya aliuliza tu iwapo kompyuta hiyo inajua kuchemsha maziwa.