Urithi wa Mfua Shaba wa Elstow

Wengi wenu mnakijua kile kitabu chenye kisa cha msafiri aliyetoka kwao na mzigo mgongoni, akiutafuta mji wa mbinguni. Kimefasiriwa katika lugha nyingi sana, na Kiswahili nacho kimo. Mtungaji wake ni John Bunyan, Mwingereza, na kilipigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1678. Leo sikusudii kukieleza kitabu chenyewe, bali kijiji cha mtungaji na urithi walioachiana watu wa nyumba yake. Ulikuwa urithi mdogo, lakini una fundisho kwa kila baba na mama.

Kijiji hicho chaitwa Elstow, nacho ki kusini ya mji wa Bedford, mwendo wa kama nusu saa kwa miguu. Katikati yake pana uwanja wa majani, na juu ya uwanja huo imesimama nyumba ya kale ya mbao na matofali, iitwayo Moot Hall. Karibu yake ni kanisa la zamani, ambalo mnara wake wa kengele umesimama peke yake, haukushikana na kanisa. Katika kanisa hilo Bunyan alibatizwa tarehe 30 Novemba 1628, na alipokuwa kijana alipenda mno kupiga kengele za mnara ule.

Baba yake, Thomas Bunyan, alikuwa fundi wa vyombo vya shaba. Kazi yake ni kuziba sufuria na birika zilizotoboka, na John naye alijifunza kazi hiyo hiyo. Thomas alifariki mwaka 1676. Katika wosia wake alimwachia kila mtoto shilingi moja, na vitu vyote vilivyobaki akampa mkewe. John wakati ule alikuwa mhubiri mwenye sifa, lakini alipata shilingi moja sawasawa na ndugu zake. Msidhani kwamba baba aliwachukia wanawe. Mali ya fundi maskini ikigawanywa vipande vipande haimfai mtu ye yote, na aliyekuwa na haja kubwa ni mjane.

Tena uko urithi mwingine ulioingia nyumbani mwa Bunyan zamani, alipooa mara ya kwanza. Yeye mwenyewe ameandika kwamba walikuwa maskini hata hawakuwa na sahani wala kijiko. Lakini bibi arusi alikuja na vitabu viwili alivyoachiwa na baba yake alipokufa: kimoja cha Arthur Dent, juu ya njia ya mtu wa kawaida kwenda mbinguni, na kimoja cha Lewis Bayly, juu ya utauwa. Mume na mke wakavisoma pamoja, na huo ukawa mwanzo wa yule fundi kuitafuta dini. Yule baba mkwe hakuacha shamba wala ng'ombe, na urithi wake ukazaa matunda ambayo hata sisi twayala.

Baadaye Bunyan alifungwa gerezani Bedford miaka 12, tangu mwaka 1660 hata 1672, kwa sababu alihubiri pasipo ruhusa ya kanisa la serikali. Humo gerezani alitengeneza kamba zenye ncha za madini ziuzwe, ili mkewe Elizabeth, mke wa pili, na watoto wapate chakula. Mmoja wa watoto hao, Mary, alikuwa kipofu.

Hata mwaka 1685 hatari ikarudi, na wahubiri wa namna yake waliweza kukamatwa na kunyang'anywa mali. Ndipo tarehe 23 Desemba mwaka ule Bunyan alipoandika hati, akajiita mfua shaba wa Bedford, akampa Elizabeth vitu vyote alivyokuwa navyo: fedha, pete, nguo, vyombo vya shaba, matandiko na vinginevyo. Mashahidi wanne walitia sahihi, na juu ya muhuri pakabandikwa sarafu ya fedha ya peni mbili, iwe alama ya kwamba mke amekwisha kabidhiwa. Kisha hati ikafichwa katika ukuta wa nyumba.

Mwaka 1688 alikwenda Reading kumpatanisha kijana mmoja na baba yake, aliyekusudia kumnyima urithi. Alifaulu. Lakini akiwa njiani kwenda London alinyeshewa na mvua kubwa, akashikwa na homa, akafariki tarehe 31 Agosti. Ile hati haikutolewa. Mali yake ilihesabiwa kama ya mtu aliyekufa bila wosia, nayo ilikuwa pauni 42 na shilingi 19. Hati ilionekana mwaka 1838, nyumba ilipobomolewa, na mjane alikuwa kaburini zamani sana.

Ndugu zangu, mimi nimeketi karibu na vitanda vya wagonjwa wengi. Nimemwona mjane akisimama nje ya nyumba aliyoijenga pamoja na mumewe, hana neno la kuwajibu jamaa za marehemu, kwa kuwa marehemu alisema moyoni tu, wala hakuandika. Kwa hiyo nawasihi, andikeni mkiwa wazima, mbele ya mashahidi, na mke ajue karatasi ilipo. Bunyan alimpenda mkewe, akaandika vema, lakini karatasi iliyofichwa ukutani haikumsaidia kitu.

Na zaidi ya hayo, msiache nyumba zenu bila kitabu cha Mungu, tena kiwe kitabu kilichochakaa kwa kusomwa. Wana wetu watasahau upesi ni shilingi ngapi tuliwaachia. Yale waliyotusikia tukiyasoma jioni, taa ikiwaka, yatakwenda nao.