Kutoka Daudi hadi Mexico City

Ndugu msomaji, wewe mkazi wa jiji aghalabu hupima safari kwa nauli. Huku Daudi, kata iliyoko Mbulu katika Mkoa wa Manyara, nilifunzwa kipimo kingine.

Kufika hapa si kazi ndogo. Ukichora mstari ulionyooka kutoka Dar es Salaam hadi Mbulu, utapata kama kilomita 530, mwendo ambao ndege kubwa ingeumaliza kwa muda usiozidi saa moja. Lakini basi halina mbawa. Hulazimika kuzunguka kwa njia ya Dodoma au ya Arusha, kisha gari hupanda ukuta wa Bonde la Ufa, kona baada ya kona, mpaka ubaridi wa nyanda za juu ukupokee.

Kando ya njia mzee mmoja aliyekuwa akichunga ng'ombe aliniuliza nitokako. Nilimwamkia, nikamjibu, nikaongeza malalamiko ya uchovu. Akacheka.

"Mwanangu, Dar es Salaam ni hapo tu. Mtoto wa Mbulu alikwenda kukimbia Mexico. Wewe uliyesoma, niambie: huko ndege huruka saa ngapi?"

Nikaketi juu ya jiwe, nikatoa daftari. Kutoka Dar es Salaam hadi Mexico City ni kilomita zipatazo 15,300 kwa njia iliyo fupi kuliko zote. Ndege ya abiria iendayo kilomita 900 kwa saa ingekaa angani saa 17, nayo safari yenyewe ni ndefu zaidi, kwa kuwa abiria hubadili ndege njiani. Hata saa hazilingani: kwetu ilikuwa saa sita mchana, wenzetu wa huko walikuwa usingizini, saa tisa usiku.

Aliyekusudiwa na mzee ni John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu. Tarehe 20 Oktoba 1968 alikimbia marathoni ya Michezo ya Olimpiki katika jiji hilo, lililo mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Njiani alianguka, akaumia goti na bega. Wakimbiaji 75 walianza, 18 hawakumaliza. Akhwari aliingia uwanjani akichechemea, goti limefungwa bendeji, giza limekwisha kutanda, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alikuwa wa 57, wa mwisho. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, inasimuliwa kwamba alijibu kuwa nchi yake haikumtuma maili 5,000 kuanza mbio, bali kuzimaliza.

Nilipiga hesabu tena. Umbali halisi unakaribia maili 9,500. Shujaa wetu aliupunguza mzigo wake karibu nusu!

Nikamsomea mzee hesabu yangu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema:

"Saa 17 za kuketi kitini. Yeye alikwenda saa tatu na nusu, nyingine kwa goti bovu. Safari ipi ilikuwa ndefu?"

Sikuwa na jibu. Nawe, ndugu msomaji, uliyetumwa mjini na wazazi wako kutafuta maisha, utakapochoka kesho kituoni, likumbuke swali la mzee wa Daudi. Waliokutuma hawaulizi umefika wa ngapi.