Manguredjipa: tulikwenda kuona kiwanja cha nyumba ya historia ya vita



Mmesikia kwamba mama wa Manguredjipa wanataka kujenga nyumba ya kutunza historia ya vita. Wengi wenu mlituuliza sokoni na hata mlangoni mwa kanisa: nyumba ya namna gani, kwa pesa ya nani, na kwa nini sasa, wakati watu hawajarudi mashambani? Sisi pia tulikuwa na maswali hayo. Basi tukaenda kuona kwa macho, walimu wawili na mama watatu wa chama, kwa pikipiki tatu.

Kutoka Butembo mpaka Manguredjipa ni karibu kilomita 100 upande wa magharibi. Ukimwambia hivyo mtu anayetembea kwenye lami atafikiri ni saa mbili. Sisi tunajua kwamba siku ya jua unafika mchana, na siku ya mvua unalala njiani na matope mpaka magotini. Zamani motari alikuwa anaangalia mawingu tu kabla ya kuondoka. Siku hizi anapiga simu kwanza. Wetu hawakukubali kuwasha pikipiki kabla ya kuzungumza na wenzao waliolala Njiapanda, na walipoambiwa kwamba usiku umekuwa mtulivu, tukaondoka.

Tulitoka Butembo tumevaa makoti, kwa baridi ya milima yetu na mikaratusi inayotoa moshi asubuhi. Baadaye barabara inashuka, migomba inakuwa mingi, makoti yanaingia mfukoni, kisha miti mikubwa ya pori inaanza. Tulikutana na vijana wakisukuma baisikeli zenye bidoni za mawese, wakienda kuuza kwetu. Maharagwe, viazi na kabichi vinashuka kutoka milimani. Mchele, mawese, kakao na dhahabu vinapanda kutoka pori. Mama wengi wa Butembo wanakula kwa barabara hiyo bila kuikanyaga hata mara moja.

Manguredjipa ni makao makuu ya sekta ya Bapere, katika teritware ya Lubero. Wakati wa Wabelgiji, kampuni ya Minière des Grands Lacs, ambayo wazee wanaiita MGL, ilichimba huko. Wachimbaji wa leo bado wanaosha mchanga kwenye mito ileile. Joto lake ni la pori, linakushika shingoni. Katika vijiji vya njiani tuliona milango iliyofungwa kwa misumari na kakao iliyoiva mpaka ikawa nyeusi mtini, kwa sababu mwenyewe hayupo.

Kiwanja tulichoonyeshwa ni kidogo. Ukipiga hatua 20 umefika mwisho, na upande mmoja kuna mwembe. Familia moja imekubali kukitoa. Tuliuliza mara moja kama kuna karatasi. Ipo, lakini imeandikwa kwa jina la mwanaume mmoja wa familia hiyo. Hapo prezidante wa mama wa huko alisema wazi kwamba hakuna tofali litakalowekwa kabla karatasi haijabadilishwa na kutiwa sahihi mbele ya shefu, kwa jina la kikundi. Tulifurahi kusikia hivyo. Ni mara ngapi mama wamejenga kwenye kiwanja cha ahadi, halafu mtoto wa mwenye kiwanja akarudi kutoka mjini na kusema yeye hajui kitu?

Wazo hili lilitoka shuleni. Watoto wetu wanasoma kwamba tarehe 19 mwezi wa tisa 1916 askari wa Force Publique waliingia Tabora, wakawashinda Wajerumani. Wanajifunza tarehe na majina ya wakubwa wa Kibelgiji, basi. Lakini askari hawakubeba wenyewe unga, risasi na vipande vya mizinga. Walibebewa na wapagazi, zaidi ya 200,000 katika vita vile, waliochukuliwa vijijini, na maelfu hawakurudi. Wake za askari nao walifuata misafara wakipika. Katika vita ya pili ya dunia askari wa Kongo walifika mpaka Abisinia, wakawashinda Waitalia huko Saïo mwaka 1941. Wakati huohuo waliobaki nyumbani waliongezewa kazi ya lazima: kutoka siku 60 kwa mwaka ikawa siku 120 mwaka 1942, na watu wakatumwa tena porini kutafuta mpira. Siku 120 ni miezi minne. Mwanaume akiwa katika kazi hiyo miezi minne, nani analima? Mnajua jibu.

Mwezi wa sita 2022 mfalme Philippe wa Ubelgiji alipofika Kinshasa, alimvika nishani kapolo Albert Kunyuku, mzee wa miaka 100 aliyepigana katika vita ya pili. Ilikuwa haki yake. Kwa wapagazi na kwa koko zetu waliolima peke yao hakuna nishani, na hata orodha hatujawahi kuiona.

Mwalimu mmoja wa Manguredjipa alikuwa anafundisha somo hilo la Tabora. Msichana wa mwaka wa tano akanyosha mkono na kuuliza: «Na watu wa Ntoyo wataandikwa wapi?»

Kwa wasomaji walio mbali: Ntoyo ni kijiji cha karibu na Manguredjipa, kilomita chache tu. Usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 mwezi wa tisa 2025 watu walikuwa kwenye matanga. Waasi wa ADF waliwakuta hapo, wakaua watu zaidi ya 60. Waliouawa walikuwa wamekuja kumlilia maiti mwingine. Mwalimu alituambia kwamba hakumjibu yule mtoto. Alifunga kitabu akawapa watoto hesabu.

Mkutano ulifanyika chini ya ule mwembe, na haukuwa mtulivu. Mama mmoja mzee, aliyekimbia mara tatu, alisimama akasema: «Nyumba za namna hiyo ni za mambo yaliyokwisha. Yetu yamekwisha lini? Mnataka kutundika panga ukutani, watoto waje kuangalia?» Watu walinyamaza. Mwingine akasema kwamba pesa yoyote ikipatikana inunue unga na sabuni kwa waliokimbia. Sisi tuliotoka Butembo tulitazama chini, kwa sababu tulikuwa tumekuja na mpango mzuri ulioandikwa kwa mistari, na ndani yake hakukuwa na jibu la maneno hayo.

Tulisimulia habari za Songea, kusini mwa Tanzania. Huko watu walipigana na Wajerumani katika vita ya Majimaji, na tarehe 27 mwezi wa pili 1906 mashujaa zaidi ya 60 walinyongwa kwa siku moja, wakazikwa katika kaburi moja kubwa. Kati ya walionyongwa wanatajwa pia mwanamke mmoja, Nkomanile, aliyekuwa kiongozi kwa watu wake. Leo hapo pana jumba la makumbusho ya Majimaji, na kila mwezi wa pili watu wanakusanyika kuwakumbuka. Lakini jumba lile lilifunguliwa mwaka 1980. Kutoka 1906 mpaka 1980 ni miaka 74. Ni nani aliyekuwa bado hai kusema «huyu alikuwa mrefu, huyu alipenda kuimba»?

Kinshasa nako Museo ya Taifa ilifunguliwa mwaka 2019, nyumba nzuri sana, kwa dola milioni 21 zilizotoka Korea. Hatuwezi kungoja Korea ije Bapere. Na Umoja wa Mataifa uliandika ripoti kubwa mwaka 2010 juu ya uovu wa vita vya Kongo tangu 1993 mpaka 2003, matukio 617. Ya Butembo yamo, pamoja na mauaji ya Kikyo ya mwezi wa pili 1998. Ni kazi ya maana. Ila ripoti inahesabu matukio, na yaliyotokea kwa watu wa Beni tangu mwezi wa kumi 2014 hayawezi kuwemo, wala ya kwetu ya sasa.

Yule mama mzee alisikiliza yote, kisha akauliza kitu kimoja: kuandika jina kunagharimu franka ngapi?

Hapo mkutano uligeuka. Tuliona kwamba tulikuwa tumeanza kwenye paa. Matofali yanaweza kungoja miaka mitano, lakini wanaojua majina hawatangoja. Tukakubaliana kwamba kitu cha kwanza cha nyumba hiyo ni daftari, na daftari halihitaji kiwanja. Likipanda pikipiki linakimbia na wenyewe kama vita inarudi. Madaftari yatakuwa mawili yanayofanana: moja litabaki Manguredjipa, moja litaletwa Butembo.

Kazi ya kwanza ilionyesha ugumu wake palepale. Mama mmoja alikataa katakata mtoto wake aandikwe, kwa sababu alichukuliwa porini akiwa hai na maiti yake haijaonekana. Tulikuwa tayari tumeandika jina, tukalifuta mbele yake, tukafungua ukurasa mwingine kwa ajili ya waliochukuliwa. Ukurasa huo ulijaa haraka kuliko ule wa kwanza. Jambo lingine lilisemwa na mama peke yao, wanaume wakiwa wamesogea: mwanamke aliyetendewa mabaya na watu wa silaha hataandikwa na mtu yeyote asipotaka mwenyewe, hata kama kijiji kizima kinajua. Tunawaomba na ninyi mlishike hilo katika vikundi vyenu.

Vitu vilianza kuletwa pia. Taa ya kabidi ya mchimbaji wa wakati wa MGL. Ngata ya kichwani iliyosukwa kwa migomba. Mzee mmoja alileta kitabu cha kazi cha baba yake, panya wamekula nusu. Kijana mmoja alitaka kwenda kuleta risasi na kitu cha chuma alichokiona shambani. Hapana! Mama, waambieni watoto: chuma cha vita hakiguswi, hakiokotwi, hakiletwi kwa mwalimu. Mtoto aonyeshe mahali kwa mbali, mkubwa aende kuwaambia wakuu. Nyumba hiyo haitapokea bunduki wala risasi, na hata panga halitatundikwa. Yule mama mzee ndiye aliyeshinda hapo.

Kisha mama mmoja alileta sufuria. Alikimbia nayo kichwani mwaka jana, mtoto mgongoni, na ndani ya sufuria mlikuwa na chumvi na kipande cha kitenge. Alitaka kuitoa kwa nyumba. Sekretere akaandika: sufuria moja, aluminiamu, imepinda upande. Alipomaliza, mama akasema: «Sasa nirudishieni, ninapikia jioni.» Tukacheka wote, naye akaondoka nayo. Imeandikwa kwenye daftari la vitu kuwa imekopeshwa kwa mwenyewe.

Sasa neno juu ya pesa, kwa sababu ndilo mnalongoja. Wengi wetu tuna kidonda. Miaka iliyopita tulichangia paa la shule, na aliyeshika kese alihama mji pamoja na kese. Hatutamtaja, lakini tangu siku hiyo mama wakisikia neno kotizasio wanashika mfuko wao kwa mikono miwili. Kwa hiyo mama wa Manguredjipa wamechukua njia mnayoijua katika vikundi vya kuweka na kukopa: sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo tatu kwa mama watatu wasiotoka nyumba moja, na sanduku lenyewe kwa mama wa nne asiye na ufunguo. Kuhesabu ni mbele ya wote, na hesabu itasomwa humu gazetini kila mwezi.

Wako mama 30, kila mmoja franka 500 kwa juma. Hizo ni franka 15,000, na kwa bei ya leo hazinunui hata bati moja zuri. Tunalisema wazi ili mtu asije kutuuliza baada ya miezi mitatu nyumba iko wapi. Wamekata pia kwamba familia ikikimbia katika juma hilo, nusu ya sanduku inakwenda kwake kwanza. Sisi watano hatukukubaliana juu ya hilo. Mmoja wetu aliona kwamba hivyo nyumba haitajengwa kamwe. Inawezekana ana haki. Sheria lakini ni ya kwao, na ndio wanaokimbia.

Tulirudi siku ya pili, mapema, kabla ya mvua. Njiapanda tulisimama kunywa chai. Mmoja wa motari wetu, aliyekuwa hajasema neno juu ya mambo hayo tangu tuondoke, aliomba daftari. Aliandika mwenyewe, polepole, jina la kaka yake, kijiji, na mwaka. Kisha akauliza kama anaweza kuongeza kwamba alikuwa fundi wa pikipiki.

Tunapokea majina kila siku ya posho baada ya soko, kwenye chumba cha chama. Leteni jina lote, kijiji, mwaka, na kazi aliyofanya mtu. Mama asiyeandika aje tu, tutamwandikia sisi. Anayetaka kutoa franka atapewa karatasi yenye sahihi mbili. Asiyepewa karatasi asitoe.