Kiti cha Dirishani, kutoka Mwanza hata Bukoba

Siku hizi wako watu wa Kashozi wasafirio kwa eropleni, wengine wakienda kuuguza wagonjwa wao Bugando, wengine kuhudhuria arusi au maziko ya jamaa huko Dar es Salaam. Nauli si ndogo. Basi akaaye dirishani akalala usingizi njia nzima, amepoteza sehemu ya fedha yake. Wengi huuliza: Niketi upande gani?

Yategemea jua. Atokaye Mwanza kuja Bukoba huelekea kaskazini-magharibi. Asubuhi jua huwa mkono wa kuume, na mng'ao wa maji huumiza macho. Kwa hiyo chagua mkono wa kushoto, kiti chenye alama A. Alasiri jua hugeuka, lakini visiwa havihami. Mimi ningeketi kushoto vilevile na kuvumilia joto. Eropleni za panga zilizozoeleka Bukoba zina mabawa juu ya madirisha, hayamzuii mtu kutazama chini. Zile kubwa ziendazo Dar es Salaam mabawa yake yako chini, nawe uepuke viti vya katikati.

Ukiisha kuondoka Mwanza utaona Kome, kisha Maisome, na kwa mbali Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977, yenye msitu mweusi usio na shamba. Halafu Bumbire, mahali Stanley alipopigana na wenyeji mwaka 1875.

Ndipo nchi kavu ya Muleba na Bukoba, na hapa usipepese macho. Utaona migongo mirefu ya milima iliyolala sambamba na ziwa, imefunikwa na nyasi za rangi hafifu: hiyo ni rweya. Katikati yake mna madoa ya kijani kibichi sana, kama viraka katika nguo kuukuu. Hivyo ni vijiji. Nyumba huzioni, waona migomba tu, na kahawa imejificha chini yake. Mgeni hudhani kwamba Mungu ameweka udongo mzuri mahali pale na mbaya mahali pengine. Sivyo. Mvua nyingi ya pwani hii huosha rutuba ya ardhi yote. Kibanja ni cheusi kwa sababu mababu walikata nyasi za rweya wakazitandaza chini ya migomba, wakaleta samadi ya ng'ombe na majivu ya jikoni, mwaka kwa mwaka, kizazi kwa kizazi. Kila doa lile ni kazi ya mikono. Aliye chini, kati ya migomba yake, hawezi kuliona jambo hili lote kwa mara moja.

Watu wa Kashozi watanung'unika, maana misioni yao, iliyoanzishwa mwaka 1892 wakati wa Askofu Hirth wa Mapadre Weupe, iko kaskazini ya mji, nayo eropleni itokapo ziwani huiacha kuume. Ni kweli. Mume na mke wagawane: mmoja huku, mwingine kule, kisha wasimuliane.

Jambo moja litangulie kutazama nje: hesabu viti kutoka kwako hata mlango ulio karibu, mbele na nyuma, uvikumbuke hata gizani. Jumapili, tarehe 6 Novemba 2022, eropleni iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, asubuhi yenye mvua na dhoruba. Ilikuwa na watu 43. Wakafa 19, wakaokoka 24. Waliotangulia kuwafikia walikuwa wavuvi wenye mitumbwi.

Mitumbwi yao utaiona dakika za mwisho, maji yakiwa karibu sana chini ya dirisha. Waonyeshe watoto.