Bawa la Joshini

Daktari wa marubani aliposema moyo hauridhishi, Kapteni hakubishana. Alirudi uwanja wa ndege wa Wilson, akarudisha funguo za Cessna, akaagiza chai. Miaka 41 ya kazi ikaishia hapo.

Alizaliwa Lamu, mtoto wa nahodha wa jahazi. Shule, Nairobi, ada ya mjomba, leseni akiwa na miaka 22: hayo huyasimulia kwa pumzi moja. Akifika kwa mwalimu wake ndipo husogeza kiti.

Mzee yule alifundishia ndege ya Super Cub, yenye gurudumu la mkia. Uzito wake uko nyuma ya magurudumu makubwa, hivyo ikianza kupinda hutaka kuendelea mpaka igeuke nyuma mbele. Upepo wa ubavuni ukivuma kwa vishindo, mzee alitaka bawa la upande wa upepo liinamishwe tangu mbali, na mguu wa upande wa pili ushikilie pua iendane na njia ya kutua. Kijana wa Lamu hakuhitaji kutafsiriwa. Kichwani alisikia sauti ya baba akiita upande wa upepo: joshini, joshini!

Wengine hufundisha mwendo wa kaa: ndege ije pua ikiwa upeponi, inyooshwe ikikaribia kugusa. Kwenye ndege kubwa Kapteni hana neno. Kwa mwanafunzi wa saa 20 angani anabisha hadi leo, maana kaa humwachia kijana sekunde moja ya kufanya mambo matatu.

Kitabu cha Cessna 172 kinataja noti 15 za upepo wa ubavuni, unaokata njia. Ni kiasi kilichojaribiwa na rubani wa kiwanda, si ahadi kwa kila mtu. Upepo wa noti 20 ukija kwa nyuzi 45, zinazokata ni 14. Vishindo vikifika 28, zinakuwa 20. Tena Wilson ni futi 5,500 hivi juu ya bahari: mshale wa mwendo ukisema noti 60, pasipo upepo ardhi inapita kwa 65 na ushee.

"Mnara ukitaja upepo, namba ya kwanza mnaisikia," huwafokea vijana. "Ya pili, ya vishindo, mnamwachia Mungu!"

Yeye mwenyewe aliangusha bawa. Ilikuwa pwani, msimu wa kusi, Cessna 206 na abiria wanne. Aligusa chini vizuri, abiria wakapiga makofi, naye akalegeza usukani ili apandishe flapu. Kishindo kimoja kikanyanyua bawa la kushoto. Pua ikakimbilia upepo, ncha ya bawa la kulia ikalima changarawe, propela ikapinda. Hakuna aliyeumia.

Katika ripoti aliandika kwamba rubani aliacha kuirusha ndege kabla haijasimama. Kadiri mwendo ulivyopungua, usukani ulipaswa kuzidi kulazwa upeponi. Mkubwa wake akaifuta sentensi hiyo, akaweka "upepo wa ghafla". Bima ikalipa. Mkubwa amestaafu kwa heshima zake, na Kapteni bado anayo nakala ya kwanza, imekunjwa ndani ya daftari la safari.

Juzi, Kapteni akiwa mezani Wilson na chai yake, upepo ulitoka mashariki, Cessna ya mafunzo ikija njia ya 14. Ikaelea, ikadunda, bawa la kushoto likaanza kunyanyuka. Chini ya meza mguu wa kulia wa Kapteni ulikuwa umeshakandamiza sakafu. Injini ikanguruma, ndege ikapanda kuzunguka tena.

"Afadhali," alisema, akaomba chai ya pili.